Kuhoji Makisio: Majaribio ya Vyombo vya Kuhamisha Historia ya Programu



Mada niliyopewa jioni hii si ya kujaza ukumbi, na nimeshangaa kuona umejaa. Nitazungumza juu ya kazi ambayo mhandisi wa programu huifanya mara moja au mbili maishani mwake, kisha akaisahau: kuhamisha historia ya programu kutoka mfumo mmoja wa kudhibiti matoleo hadi mwingine. Ndani ya kazi hiyo nitachukua kipande kidogo zaidi, nacho ni majaribio yanayojiendesha ya kile chombo kinachofanya uhamisho. Wageni wetu ambao si watu wa kompyuta wavumilie kidogo. Mfumo wa kudhibiti matoleo huweka kumbukumbu ya nani alibadilisha mstari gani wa programu, lini, na kwa sababu ipi. Kumbukumbu yote hiyo huitwa hazina, na baadhi ya hazina za programu kubwa zina umri wa miaka thelathini na zaidi.

Kwa miradi mikubwa, uhamisho kati ya mifumo kama CVS, Subversion, Mercurial na Git si jambo la nadra. KDE walitoka CVS wakaenda Subversion mwaka 2005. GNOME walipitia Subversion kisha wakatua Git mwaka 2009. Python ilihamia Mercurial mwaka 2011, na haikukaa sana, kwani mwaka 2017 ilikuwa imeshahama tena kwenda Git. Msimbo mkuu wa FreeBSD uliiacha CVS mwaka 2008, na mwishoni mwa 2020 ukahamia Git. Kompaila ya GCC ilihama Januari 2020, baada ya mabishano marefu kuhusu chombo gani kiaminiwe kuibeba historia yake. Hapa kwetu nako najua ofisi zenye seva ya zamani iliyojifungia kwenye kabati, ambayo hakuna anayethubutu kuizima kwa sababu historia yote imo humo.

Kosa la uhamisho haligunduliwi siku ya uhamisho. Siku hiyo programu inajengeka, faili zote zipo, watu wanapeana mikono. Kosa huonekana miaka baadaye, mtu anapouliza mstari huu wa kukokotoa riba uliingizwa lini na nani, akajibiwa kwa jina la mtu ambaye hakuugusa. Kufikia hapo seva ya zamani imeshatupwa. Kwa hiyo jaribio linaloandikwa kabla ya uhamisho ndiyo nafasi pekee ya kulikamata kosa hilo, na nafasi hiyo tunaipoteza mara nyingi kwa sababu tunajaribu kitu kisicho chenyewe. Tunajaribu kama chombo kinanakili. Kunakili si kazi ngumu. Kazi ngumu ya chombo hiki ni kukisia, na jaribio lisilohoji makisio halijajaribu kitu.

Nieleze kwa nini ninasema kukisia. Nitaichukua CVS, maana ndiyo iliyotesa watu kuliko zote.

CVS ilianza mwaka 1986 kama skripti za sheli alizoandika Dick Grune huko Amsterdam. Chini yake kulikuwa na RCS, mfumo wa Walter Tichy, ambao ulijua faili moja moja tu. Kila faili lina historia yake peke yake, katika faili jingine ambalo jina lake huishia na mkato na herufi v. Mtu akibadilisha faili tano kwa wazo moja na kuziweka pamoja, CVS huandika kumbukumbu tano, moja baada ya nyingine, kila moja na jina la mwandishi, saa, na ujumbe. Hakuna mahali popote panaposema kwamba tano hizi ni tendo moja. Git haikubali hivyo. Kwake kitengo cha historia ni komiti: hali ya mradi mzima kwa wakati mmoja, pamoja na komiti iliyotangulia. Chombo kinachohamisha hakina budi kuzikusanya kumbukumbu zilizotawanyika na kuamua zipi zilikuwa tendo moja.

Amri ya Git ya kuhamisha kutoka CVS, git cvsimport, iliikabidhi kazi hiyo kwa programu iitwayo cvsps. Kanuni yake ni rahisi kuieleza: mwandishi yule yule, ujumbe ule ule, na saa zisizopishana kupita kiwango fulani, basi ni tendo moja. Kiwango hicho, usipokitaja mwenyewe, ni sekunde 300. Dakika tano. Sasa fikirini mhandisi wa mwaka 1996 anayetuma faili mia nne kwa laini ya simu. Tendo lake moja linaweza kuzidi dakika tano na likakatwa vipande. Mwenzake mvivu wa kuandika ujumbe anaweka "rekebisho" mara tatu ndani ya dakika nne kwa mambo matatu tofauti, na yote yanashonwa kuwa moja. Hakuna sekunde utakazochagua zikawaridhisha wote wawili.

Wapo humu wanaosoma hati za kale za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na wao hali hii wanaijua. Herufi moja katika hati nyingi za zamani ingeweza kusomwa b, au p, au mb, na anayeandika upya kwa herufi za Kilatini lazima achague, hata pale mwandishi wa kwanza hakuona haja ya kuchagua. Ndiyo maana Taylor, yule mmisionari Mwingereza, alipokusanya tungo za mshairi Muyaka huko Mombasa alimhitaji Mwalimu Sikujua, mtu aliyejua kilichokusudiwa. Chombo cha kuhamisha historia hakina Mwalimu Sikujua wake. Mwandishi wa jaribio ndiye anayepaswa kukaa mahali hapo.

Tutazame basi jaribio la kawaida, lile ambalo mtu huliandika akiwa na haraka. Linaunda hazina mpya ya CVS, linaweka faili mbili, linazibadilisha mara moja, linaendesha chombo, kisha linaangalia kama faili mbili zimefika. Zimefika. Majaribio ya mwanzo ya cvsimport ndani ya Git hayakuwa mbali sana na hapo, na siyalaumu. Yalithibitisha kwamba injini inawaka. Lakini historia iliyoundwa sekunde tatu zilizopita na skripti nadhifu haina uchafu wowote, na chombo hakikulazimika kukisia hata mara moja.

Mwaka 2009 Michael Haggerty aliongeza majaribio ya namna nyingine. Yeye alikuwa mtunzaji wa cvs2svn, chombo cha kuhamisha kutoka CVS kwenda Subversion, na watumiaji wake walikuwa wamemletea kila aina ya hazina iliyooza. Hazina ndogo ndogo za kujaribia alizokuwa nazo zilikuwa kama kabati la mifupa iliyovunjika kwa kila namna inayojulikana. Alichofanya ni kuzileta hizo upande wa Git. Majaribio yake yenye namba t9601 na t9602, pamoja na t9603 la mwandishi mwingine, hayaundi hazina papo hapo. Yanabeba faili za CVS zilizo tayari, kwa sababu uchafu wa miaka kumi huwezi kuutengeneza kwa amri za kawaida, inabidi uuhifadhi. Bahati nzuri faili hizo ni maandishi matupu, zinasomeka, na unaweza kuzihariri kwa mkono ukapanga saa unazozitaka.

Katika t9601 kuna kisa ninachokipenda. CVS ina njia ya kupokea msimbo wa mtu mwingine, tuseme maktaba uliyoipata kwa mtengenezaji wake, na kuuweka kwenye tawi la pekee lenye namba 1.1.1. Mradi tu wewe mwenyewe hujaligusa faili hilo, kila toleo jipya la mtengenezaji linaonekana moja kwa moja kwenye shina lako kuu. Ukiligusa mara moja, uhusiano huo unakatika. Ni desturi ya ajabu, na ilikuwa na mantiki yake kwa watu wa wakati ule. Haggerty aliigawa kwa faili mbalimbali: moja limepokelewa mara moja, jingine mara mbili, jingine limepokelewa kisha likabadilishwa, jingine limebadilishwa kisha likapokelewa tena. Kila faili ni swali moja. Lile lililopokelewa mara mbili bila kuguswa lilimshinda cvsimport: shina kuu lilibaki na maandishi ya zamani. Historia ilihamia na yaliyomo yasiyo sahihi, na chombo hakikutoa onyo lolote.

Angalieni pia namna jibu linavyokaguliwa. Jaribio halisemi tu kwamba chombo kilimaliza salama. Linatoa nakala kutoka CVS kwa tawi fulani au lebo fulani, yaani jina linalobandikwa kwenye toleo, linatoa nakala kutoka Git kwa tawi au lebo hiyo hiyo, kisha linalinganisha faili kwa faili. Mfumo wa zamani ndiye shahidi. Kwa lebo hili ni jambo kubwa, kwa sababu lebo ya CVS inaweza kuchukua faili moja katika toleo la 1.5 na jingine katika toleo la 1.2, mchanganyiko ambao haukuwahi kuwepo kwa pamoja katika sekunde yoyote ya historia. Lebo ya Git inaelekea kwenye komiti moja. Chombo ama kitunge komiti ya kuziba pengo, ama kidanganye.

Hata hivyo kulinganisha miisho hakutoshi. Shina, matawi na lebo vyote vinaweza kulingana huku njia ya kufika huko ikiwa imevurugika: komiti mbili zimebadilishana nafasi, au ujumbe umepotea. Kwa njia ya katikati hatuna nakala kamili ya kulinganisha nayo, ila tuna mambo ambayo lazima yawe kweli kwa vyovyote vile. Matoleo ya faili moja lazima yafuatane kwa mpangilio wake. Kila toleo lililokuwepo lazima litokee mara moja tu kwenye tawi lake. Hakuna mwandishi aliyeongezeka wala kupotea. Kuhamisha kwa awamu mbili lazima kulete matokeo sawa na kuhamisha kwa mkupuo mmoja. Majaribio ya namna hii hayakuambii makisio ni sahihi. Yanakuambia makisio hayakuvunja kitu ambacho kilikuwa hakika. Mimi huyaweka juu kuliko kulinganisha miisho, ingawa najua wenzangu wengine hawakubaliani nami.

Git inatupa zawadi moja hapa. Kila komiti ina kitambulisho kinachokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na vitambulisho vya komiti zilizotangulia. Uhamisho ukifanywa mara mbili na kitambulisho cha juu kabisa kikawa kile kile, basi historia yote chini yake ni ile ile kwa kila herufi na kila sekunde. Kukagua kwamba chombo hakiyumbi kunagharimu mstari mmoja wa msimbo. Lakini msikiandike kitambulisho hicho ndani ya jaribio kama jibu linalotarajiwa. Siku kitakapobadilika kitakwambia kuna tofauti, hakitakwambia ipi, na mhandisi aliyechoka atabandika kitambulisho kipya na kwenda nyumbani.

Sasa niseme juu ya saa. Majaribio mengi ya Git hayatumii saa ya kompyuta. Yana saa yao ya bandia, ili matokeo yasibadilike kila siku. Saa hiyo inaanzia sekunde 1112911993 tangu mwaka 1970, yaani tarehe 7 Aprili 2005 saa 15:13:13 kwa saa ya Marekani ya magharibi, ambayo ni sekunde ile ile iliyoandikwa kwenye komiti ya kwanza kabisa ya Git, ya Linus Torvalds. Hapa Afrika Mashariki ilikuwa saa saba na dakika kumi na tatu usiku wa kuamkia tarehe 8. Kila jaribio linapotaka komiti mpya, saa inasogezwa mbele kwa sekunde 60. Ni mpango mzuri kwa majaribio mengi. Kwa majaribio ya uhamisho ni sumu. Saa isiyorudi nyuma kamwe, inayoenda kwa hatua sawa, haiwezi kufichua kosa la mpangilio hata ukiendesha majaribio elfu. Katika ulimwengu halisi seva ziliwashwa zikiwa na tarehe ya mwaka 1980, saa zilirekebishwa mchana kweupe, kumbukumbu za matendo mawili ziliingiliana. Jaribio la t9603 linafanya hasa hilo: matendo mawili yaliyo karibu, ambapo mpangilio kwa sekunde unasema hivi na mpangilio kwa namba za matoleo unasema vile. Chombo kilishindwa.

Tuhame kutoka CVS twende kwenye lango ambalo leo historia nyingi hupitia kuingia Git, yaani git fast-import ya Shawn Pearce, iliyoingizwa katika Git 1.5.0 mwaka 2007. Wazo lake ni la busara: chombo cha kuhamisha kisijue chochote kuhusu undani wa Git, kitoe tu mkondo wa maandishi, na fast-import iupokee na kuujenga. Maelezo yake rasmi yanasema mradi wa miaka kumi wenye komiti 100,000 huhamishwa kwa saa moja au mbili kwenye mashine ya kawaida. Mimi kasi hainisisimui sana. Kinachonisisimua ni kwamba mkondo ule unaweza kuuandika kwa mkono. Unataka kujua nini hutokea faili linapopewa jina la folda iliyofutwa hivi punde? Andika mistari sita, uipe fast-import. Faili la majaribio t9300 limejaa mikondo midogo ya namna hiyo, imepangwa kwa herufi, A, B, C na kuendelea, na kila moja unaweza kuisoma na kuielewa bila kuwa na mfumo mwingine wowote kwenye mashine yako.

Hapa ndipo sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mali ambayo hatujaitumia. Majaribio ya Git huendeshwa ndani ya folda ya muda ambayo jina lake limewekewa nafasi katikati kwa makusudi, ili msimbo usiojua kushughulikia nafasi ukwame mapema. Vizuri. Lakini kuna alama inayosumbua sheli kuliko nafasi, nayo ni ile alama ya juu iliyomo kwenye ng'. Faili liitwalo "ng'ombe wawili.txt" lina vyote viwili. Mwandishi ambaye jina lake la Kisukuma linaanza na Ng'w atapitia kwenye faili la waandishi, kwenye mistari ya sheli, kwenye mkondo wa fast-import, na kila kituo kina kanuni yake ya nukuu. Mwaka 2024 kanuni za fast-import za kusoma majina ya njia zilikazwa upya pamoja na majaribio mengi, kwa sababu ilionekana nukuu na nafasi zilikuwa zikishughulikiwa tofauti kutoka amri moja hadi nyingine. Yaani miaka kumi na saba baadaye. Data ya kujaribia ambamo watu wote huitwa John na faili zote huitwa file1 ndiyo iliyoyafuga makosa hayo.

Majira ya saa nayo ni hivyo hivyo. Yetu ni +0300, hayana mabadiliko ya msimu, hayamsumbui mtu. Ukiandika Africa/Nairobi kwenye faili la waandishi la cvsimport yanakaa sawa. Lakini katika historia ya mradi wa Rails kuna komiti yenye majira +051800. Hakuna mahali duniani penye majira hayo. Mwaka 2020 Elijah Newren aliongeza njia ya kuiruhusu fast-import ipokee majira ya kipuuzi kama yalivyo, pamoja na jaribio lenye namba hiyo hiyo. Wapo wanaosema takataka isafishwe wakati wa kuhamisha. Mimi nasema kazi ya kuhamisha ni kuhamisha, na anayetaka kusafisha asafishe baadaye kwa komiti yenye jina lake.

Nitapita haraka juu ya usalama, ingawa unastahili mhadhara wake. Mwaka 2019 iligundulika kwamba mkondo wenyewe ungeweza kumwamuru fast-import aandike faili mahali popote kwenye diski. Kipengele kilikuwepo, kilifanya kazi kama kilivyokusudiwa. Majaribio yote ya awali yalikuwa yanauliza kama kipengele kinafanya kazi. Hakuna lililouliza kama mkondo usioaminika unaweza kukitumia.

Nirudi kwenye jambo lenye nyama zaidi, nalo ni majaribio yanayodanganya.

Majaribio ya Git yameandikwa kwa lugha ya sheli, na sheli ina tabia mbili mbaya. Ya kwanza: ukiunganisha programu mbili ili matokeo ya moja yaingie kwenye nyingine, sheli hutazama tu kama ile ya mwisho imefaulu. Ya kwanza inaweza kuanguka kifudifudi, na jaribio likapita. Kwa vyombo vya uhamisho hili ni janga, kwani maisha yao yote ni mikondo: huku programu inayosoma historia ya zamani, huku fast-import. Dawa yake haina ujanja: andika matokeo ya programu ya kwanza kwenye faili, kagua imemaliza salama, kisha uipe ya pili faili hilo ilisome. Sehemu kubwa ya kazi iliyoitwa uboreshaji wa majaribio ya Git kwa miaka mingi imekuwa ni hii tu, kuivunja mikondo mmoja mmoja. Ni kazi ya kuchosha, na inafaa sana kwa anayeanza.

Tabia ya pili: amri zikifuatana mstari kwa mstari, sheli haijali ya katikati ikishindwa. Ndiyo maana karibu kila mstari wa jaribio la Git huishia na alama && inayosema "endelea tu ikiwa hiyo imefaulu". Ukiisahau alama hiyo mahali pamoja, mnyororo umekatika na kila kilichokuwa juu ya hapo hakipimwi tena. Mtu anasahau, msomaji haoni, jaribio linapita kwa miaka. Mwaka 2015 Jeff King alitoa ufumbuzi ambao mimi huwafundisha wanafunzi hata wasiokusudia kuigusa Git. Kabla ya kuliendesha jaribio, mfumo hulitangulizia amri moja ambayo kazi yake ni kushindwa tu, ikirudisha namba 117. Kama mnyororo ni mzima, hakuna amri nyingine itakayoendeshwa, na jaribio zima litarudisha 117. Likirudisha namba nyingine yoyote, mnyororo umekatika mahali fulani. Hakuna haja ya kuusoma msimbo. Unaupa ugonjwa wa makusudi na kutazama kama homa inafika mwisho. Ujanja huo una mipaka, hasa kwa amri zilizowekwa ndani ya mabano, na baadaye Eric Sunshine aliandika kikaguzi kinachousoma msimbo wenyewe. Lakini ile 117 ndiyo iliyoonyesha wingi wa tatizo.

Fanyeni hivyo hivyo kwa chombo chenyewe. Chukua kile kiwango cha sekunde 300 ukiweke 3. Majaribio yakipita yote, hamna jaribio hata moja linalogusa makisio ya muda.

Ukishapata jaribio linaloshindwa, unalifanyaje wakati hujui kurekebisha chombo? Wengi hulifuta au kuligeuza maandishi yasiyoendeshwa. Git ina njia ya tatu, test_expect_failure: jaribio linaendeshwa, linatarajiwa kushindwa, na halizuii kazi. Siku likifaulu ghafla, mfumo unatangaza kwamba kasoro inayojulikana imetoweka na unakuomba ulisahihishe. Kisa cha faili lililopokelewa mara mbili na kile cha saa zilizoingiliana vimeandikwa hivyo. Maelezo rasmi ya cvsimport nayo yanazitaja kasoro hizo wazi na kumshauri mwenye uhamisho wa mara moja atumie cvs2git au cvs-fast-export. Huo ndio uungwana wa kitaalamu: ulijaribu, ulijua, ulisema.

Lakini majaribio mazuri yanahitaji hazina mbovu, na hazina mbovu zimo kwenye mabenki, wizara na makampuni yasiyoweza kumwonyesha mtu wa nje msimbo wao. Watu wa cvs2svn walilitatua hili kwa skripti mbili ambazo sijaona mahali pengine zikisifiwa inavyostahili. Moja, destroy_repository.py, hufuta maandishi yaliyomo, ujumbe na majina, ikabakisha umbo la historia peke yake. Ya pili, shrink_test_case.py, hupunguza: inaondoa sehemu ya hazina, inaendesha chombo, ikiona kosa bado lipo inaendelea kuondoa, hadi hazina ya faili elfu kumi inabaki faili mbili tatu zenye kosa lile lile. Kilichobaki kinaweza kutumwa kwa mtunzaji wa chombo bila benki kupoteza siri, na kesho yake kinakuwa jaribio la kudumu.

Limebaki tatizo moja ambalo halijatatuliwa na yeyote, na ningependa tuondoke nalo. Majaribio ya cvsimport yanahitaji CVS iwepo kwenye mashine, na cvsps ya toleo la 2.1 au 2.2. Isipokuwepo, majaribio yote yanarukwa, na jaribio lililorukwa halihesabiwi kuwa limeshindwa. Kwenye kompyuta nyingi za leo CVS haipo. Kwa hiyo ripoti inatoka ya kijani kibichi, na hakuna kilichopimwa. Yale ya git-p4 yanayohitaji seva ya Perforce yako katika hali hiyo hiyo. Shahidi wetu, mfumo wa zamani, anatoweka, ilhali OpenBSD na NetBSD bado wanaitumia CVS na siku moja watahitaji kuhama.

Pendekezo langu ni kwamba nakala zinazotolewa na CVS kwa kila lebo na kila tawi la hazina za kujaribia zihifadhiwe leo, ndani ya majaribio yenyewe, wakati CVS bado inaweza kuendeshwa, na kwamba ripoti ihesabu yaliyorukwa kwa sauti ile ile inayohesabu yaliyoshindwa. Kwa wanafunzi mlioniuliza mlangoni kuhusu pa kuanzia: chukueni msimbo wa Git, ujengeni, ingieni kwenye folda ya t, endesheni ./t9300-fast-import.sh -v -i, someni mkondo wa kwanza wa herufi A mpaka muuelewe, kisha ongezeni wenu wenye faili liitwalo "ng'ombe wawili.txt" na mwandishi aitwaye kwa jina la babu yenu. Nipo hadi saa mbili usiku kwa maswali.